Mwanza ina walimu wa makumbusho, tuwalipe

Kila baada ya muda napata ujumbe kutoka kwa kijana wa Mwanza, Sengerema au Ukerewe akiuliza nilipitia wapi hadi nikapata kazi ya elimu makumbushoni huku Glasgow. Wengi wamesoma historia, akiolojia au mawasiliano ya umma. Wamehitimu, wako nyumbani, wanasubiri nafasi zitangazwe na Sekretarieti ya Ajira. Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja. Leo najibu hadharani, kwa sababu jibu langu linamhusu pia diwani, afisa utamaduni na mwalimu mkuu: kazi mnayotaka kuifuata Ulaya ipo hapo mlipo, ina watu wanaoiweza kuliko mimi, na kinachokosekana ni mshahara.

Niieleze kwanza kazi yenyewe, maana nyumbani ukisema unafanya kazi makumbusho, mtu anafikiria mkata tiketi au mlinzi wa vitu vya kale. Mimi sina ufunguo wa kabati hata moja. Kabla darasa halijaja nampigia mwalimu simu, tunakubaliana watoto wataangalia vitu vichache tu, si jumba zima, na tunapanga maswali ambayo mtoto hawezi kuyajibu kwa kusoma kibao. Kuna vitu vimetengwa kwa ajili ya kushikwa: zana, nguo, vyombo vya nyumbani. Navifungasha kwenye sanduku na kuvitoa nje ya jumba, nikavipeleka kwenye vituo vya wazee, misikiti, makanisa, vyama vya wakimbizi. Jiji hili limekuwa na utaratibu huo tangu 1990, lilipoanzisha kitengo kiitwacho Open Museum kwa ajili ya kuwapelekea vitu watu ambao hawaji wenyewe makumbushoni. Liverpool nao tangu 2012 wana programu ya House of Memories, inayowafundisha wahudumu kutumia vitu vya zamani wanapozungumza na wazee waliopoteza kumbukumbu.

Nimeona kwa macho yangu inavyofanya kazi. Nilimpelekea bibi mmoja kwenye nyumba ya wazee ubao wa kufulia wa bati na kipande cha sabuni nyekundu. Wahudumu walikuwa wamenitahadharisha kwamba siku hizi haongei. Bibi alinusa sabuni, akapandisha mkono wa sweta, akaanza kuusugua ule ubao mkavu kwa vifundo vya vidole. Kisha akataja mtaa aliozaliwa, ngazi ya pamoja ambayo wapangaji waliiosha kwa zamu, na jirani aliyekuwa akiruka zamu yake. Mhudumu aliyekuwa pembeni aliandika yote, kwa kuwa hakuwahi kujua bibi yule alizaliwa wapi.

Hiyo ndiyo kazi ninayolipwa. Sasa njoo Kisesa.

Wapo wanaosema makumbusho ni mambo ya wazungu, sisi hatuna desturi hiyo. Naomba waende Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, hapo Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, ukishika barabara ya Musoma. Ni kweli aliyeanzisha alikuwa mgeni, Padri David Clement wa Kanada, wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Lakini hakujifungia ofisini akakusanya vitu peke yake. Alikaa na kamati ya wazee wa Kisukuma, wakakusanya mila, nyimbo na zana, na makumbusho yalipofunguliwa mwaka 1968 vitu vya kitemi vilipata pa kukaa, wakati utemi wenyewe ulikuwa umeshafutwa na serikali ya uhuru. Huku tunaandika maandiko marefu ya kuomba fedha tukieleza tutakavyoishirikisha jamii tangu mwanzo. Baraza la kimataifa la makumbusho, ICOM, lilingoja hadi Agosti 2022, kwenye mkutano wa Prague, ndipo likaweka ushiriki wa jamii ndani ya tafsiri rasmi ya makumbusho ni nini. Wazee wa Bujora walikuwa wanaufanya zaidi ya miaka 50 kabla.

Halafu kuna ngoma. Kwenye mashindano ya ngoma ya Bulabo, makundi mawili ya Kisukuma, Wagika na Wagalu, hucheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake wa uwanja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Manju, yaani kiongozi wa ngoma, anaona umati unavyomhama, anabadilisha wimbo palepale, anatoa kichekesho, anaingiza jembe, anaingiza nyoka. Mimi hujua kama nimewashika watu baada ya kukusanya fomu za maoni na kuzijumlisha kwenye kompyuta. Manju anajua kabla wimbo haujaisha. Nasema bila kupunguza neno: kwa ustadi wa kumfikia mtu na kumfanya abaki, mafundi wa kazi hii wako Usukumani, na vyuo vya huku vingefaa kuwaita wakafundishe.

Ila huku fundi ana mkataba. Nilipokuja likizo nilifuatana na darasa la watoto kwenye sehemu moja ya kumbukumbu kanda ya ziwa. Siitaji, kwa sababu zinazofanana nayo ni nyingi. Aliyewapokea alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya kuimba. Hakuwaburuza kutoka kabati hadi kabati. Aliwaketisha chini ya mwembe, akatoa jembe la mkono lenye mpini uliong'aa kwa kushikwa, akalizungusha kwao, kila mtoto akalipima uzito. Akawauliza nani nyumbani kwao analima na jembe la namna hii. Mikono ikapanda. Akawafundisha kibwagizo, na dakika chache baadaye mwalimu wao mwenyewe alikuwa ameingia kwenye mstari. Nilimpongeza sana, nikamuuliza masuala ya ajira. "Dada, hapa tunajitolea tu. Mgeni akiridhika anatuachia chochote." Ana diploma. Jioni anaendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya siku.

Huyo ndiye ninayemfikiria kila nikisoma zile meseji za vijana. Anayo kazi, anaiweza, na hajaajiriwa.

Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa kuhusu huku. Nafasi za elimu na jamii makumbushoni mara nyingi zinategemea ruzuku, hasa za mfuko wa bahati nasibu ya taifa unaogharamia urithi, na ruzuku ikiisha na kazi inaisha. Unajenga urafiki na kikundi cha akina mama kwa mwaka mzima, wanakuamini, wanaanza kuleta picha za ndoa zao, kisha mkataba wako unakatika na anakuja mwingine kuanza upya kujitambulisha. Halmashauri za huku zimekuwa zikibana bajeti tangu 2010, na makumbusho hayana sheria ya kuyakinga kama shule. Njia ya kuingilia ni kujitolea kwanza bila malipo, jambo linalowezekana kwa mwenye wazazi wa kumlipia kodi. Mimi nilisafisha ofisi alfajiri kwa miaka ili mchana nijitolee.

Na kuna ukuta wa viza, ambao mawakala hawausemi. Aprili 2024 Uingereza ilipandisha kima cha kawaida cha mshahara kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi hadi pauni 38,700 kwa mwaka, na Julai 2025 kikapanda tena hadi 41,700. Mishahara mingi ya watu wa elimu makumbushoni haifiki hapo. Kwa hiyo kijana anayeuza shamba la baba yake Misungwi aje asome shahada ya uzamili, akitumaini ataajiriwa makumbushoni na kubaki, ajue hesabu hiyo kabla hajauza. Kusoma ni kuzuri. Kuuza shamba kwa ajili ya ndoto ambayo sheria imeshaifungia mlango kunaniumiza.

Ninachokitamani kutoka huku ni kitu kidogo sana, na ndicho ningekihamishia Mwanza kesho. Kwenye bajeti ya kila programu kuna mstari wa nauli, mstari wa chai, mstari wa kumlea mtoto wa mama anayekuja, na mstari wa malipo kwa mtu anayekuja kueleza maisha yake. Bila mistari hiyo mradi haupitishwi. Nyumbani tunamwita mzee saa mbili asubuhi, tunamkalisha kwenye kiti cha plastiki hadi mgeni rasmi afike saa sita, anazungumza dakika tano, anapewa soda na makofi, anarudi Bwiru kwa miguu. Halafu tunasimama jukwaani kusema wazee ni hazina ya taifa.

Kazi yenyewe haisubiri jengo. Nenda Mwaloni Kirumba mapema, dagaa wakishushwa, utawakuta wavuvi wazee waliovua ningu na furu za kila rangi. Wanakumbuka sangara alivyoongezeka. Samaki huyo aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akafurika kufikia miaka ya 1980, na aina nyingi sana za furu zikatoweka. Baadaye vikaja viwanda vya minofu na maisha ya kina mama wachuuzi yakabadilika kabisa. Mtoto wa Kirumba leo anadhani sangara ni wa ziwa hili tangu dunia iumbwe. Mkalishe mtoto huyo na mzee mmoja, nyavu mbili za matundu tofauti, karabai ya zamani na taa ya sola wanayotumia sasa, na mtaalamu kutoka TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ambao wapo hapohapo Mwanza. Kwa asubuhi moja amepata historia, baiolojia na uchumi. Anatakiwa mtu wa kulipanga jambo hilo, kuwaandaa wazee, kuelewana na walimu, na kulirudia wiki inayofuata kwa shule nyingine. Mtu huyo akiwa wa kujitolea, atalifanya mara mbili kisha atatafuta ugali.

Igoma kuna makaburi ya waliokufa kwenye MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Mei inapofika kuna sala na mashada. Miezi mingine daladala zinapita, na wanafunzi waliozaliwa baada ya ajali hawaelezwi kwa utaratibu wowote nini kilitokea, kwa nini meli ilizama, na usalama majini unadai nini. Familia zilizofiwa zipo, na walionusurika wapo. Hapa nataka kuwa mwangalifu. Kumwomba mtu asimulie siku ile si jambo la kushika kipaza sauti na kuuliza "ulijisikiaje". Nilifundishwa huku namna ya kukaa na mtu kabla, kumpa haki ya kunyamaza, kujua wakati wa kuacha, na kumrudia wiki moja baadaye kumjulia hali. Ni ujuzi, unafundishika, na anayeufanya anastahili mshahara kama muuguzi anavyostahili.

Shule nazo zimefungua mlango. Mitaala iliyoboreshwa ya 2023 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na mwalimu wa shule ya kata mwenye darasa lililofurika analifundisha kwa chaki na kitabu, wakati Kisesa, Kirumba na Igoma zipo umbali wa nauli ya daladala. Sehemu hizo tatu ziko chini ya halmashauri tatu: Magu, Ilemela na Jiji la Mwanza. Kila moja iajiri mtu mmoja. Watatu tu kwa kuanzia, wenye mkataba, bajeti ya nauli na orodha ya shule. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu isitajwe hapa kama jibu, kwa sababu ni mikopo. Inakifaa kikundi cha ngoma kununua spika, haimlipi mwalimu mshahara.

Najua nikiishia hapa nitaulizwa kuhusu vitu vyetu vilivyoko Ujerumani. Vinaniuma pia. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea Novemba 2023 akaomba msamaha kwa waliyoyatenda Wajerumani enzi za ukoloni, na madai ya kurudishiwa mabaki ya watu wetu na mali zao ni ya haki, yaendelee. Ila najiuliza, ngoma ya kitemi ikishuka uwanja wa ndege leo, itapokelewa na nani kesho yake, watu wa habari wakishaondoka? Nani atakaa nayo na watoto wa darasa la tano, na atalipwa na fungu gani?

Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai 1, na vipaumbele vinaanza kuibuliwa kwenye mitaa na kata miezi mingi kabla. Vijana mnaoniandikia, nendeni kwenye vikao hivyo na mwalimu mmoja na mzee mmoja, muiombe nafasi hiyo ikiwa imeandikwa: majukumu, elimu inayotakiwa, mshahara, nauli za wazee. Rasimu ya majukumu ninayo, nimeiandaa kwa Kiswahili kutokana na kazi ninayoifanya kila siku. Atakayeihitaji aniandikie, nitamtumia siku hiyohiyo. Na kama kuna diwani wa Kisesa, Kirumba au Igoma anayesoma hapa, naomba yeye awe wa kwanza.