Kabla ya Kupuliza Oksijeni Ziwani, Pimeni Chuma

Ziwa lililochafuliwa na mbolea na maji taka haliponi siku mifereji inapozibwa. Fosfati, yaani kirutubisho chenye fosforasi, iliyozama topeni kwa miaka mingi huendelea kupanda na kulisha mwani, hata kama mito inaingia misafi. Je, tope lipewe oksijeni au liongezewe chuma?

Wa oksijeni wana hoja nzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Clifford Mortimer, aliyechunguza maziwa ya kaskazini mwa Uingereza, alionyesha kuwa tope lenye oksijeni hufunikwa na ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia. Ngozi hiyo ni aina ya kutu, yaani chuma chenye chaji tatu, na hunasa fosfati. Oksijeni ikiisha, bakteria hutumia chuma hicho kupumulia badala yake. Kinabaki na chaji mbili, kinayeyuka, na fosfati inaachiwa. Basi rudisheni oksijeni, kutu irudi.

Hoja hiyo ilijaribiwa katika ziwa Sempach, Uswisi, lililoanza kupuliziwa oksijeni mwaka 1984. Mwaka 1998 watafiti Gächter na Wehrli waliripoti kuwa miaka kumi ya kazi hiyo haikupunguza fosforasi inayotoka topeni. Ngozi ya kutu ni ya milimita chache tu. Chini yake hakuna oksijeni, na huko bakteria wengine hupumua salfeti, mchanganyiko wa salfa na oksijeni, na kutoa salfidi, ambayo hukamata chuma na hatimaye kukifungia ndani ya pairiti, madini ya chuma na salfa. Chuma kilichoishia humo hakinasi fosfati tena, na oksijeni pekee haiwezi kutengeneza kutu pasipo chuma.

Ndiyo maana naegemea upande wa chuma. Ziwa Groß-Glienicke, Berlin, lilimwagiwa chuma mwaka 1992 na 1993, gramu 500 hivi kwa kila mita ya mraba, pamoja na kupuliziwa hewa. Fosforasi ilishuka na ikabaki chini kwa miaka mingi. Topeni humo imepatikana vivianiti, madini ya fosfati na chuma cha chaji mbili, ambayo hudumu bila oksijeni hata kidogo. Punje zake zikipata hewa hugeuka buluu. Kumbe chuma kilichopoteza kutu yake bado kinaweza kushika fosfati, mradi salfidi isikiwahi.

Sharti hilo ni zito. Palipo na salfeti nyingi na mabaki mengi ya mwani yanayooza, chuma kipya nacho kitamezwa. Huko alumini ina nafasi nzuri zaidi, kwa sababu hunasa fosfati bila kutegemea oksijeni.