Toriyama, mvivu aliyenifundisha kuchora

Akira Toriyama, mchora vibonzo wa Japani, alipofariki Machi 1, 2024, akiwa na umri wa miaka 68, rambirambi nyingi zilimsifu kwa bidii. Sawa, mtu aliyechora sura 519 za hadithi ya vibonzo ya Dragon Ball, wiki baada ya wiki kuanzia 1984 hadi 1995, huwezi kumwita goigoi. Ila mimi nilichojifunza kwake ni uvivu, na uvivu huo ndio unaonilisha mpaka leo.

Mwenyewe wala hakuuficha. Nywele za Goku, shujaa wa hadithi hiyo, ni nyeusi, kwa hiyo kila alipochorwa ilibidi mtu akae azijaze wino. Alipogeuka Super Saiyan, yaani umbo lake lenye nguvu zaidi ya kawaida, zikawa za dhahabu, maana yake kwenye karatasi zikaachwa nyeupe, kazi ikapungua. Sisi watoto tulidhani tumefunuliwa siri nzito ya ukoo wa Saiyan, kumbe kuna mkono ulikuwa unapumzishwa! Na yale mapigano ya nyikani, penye mawe mawili matatu na anga tupu? Hakupenda kuchora majengo. Mji ukilipuliwa mapema, madirisha ya kuchora hayapo tena.

Utotoni nilikuwa nikinakili kurasa zake kwa penseli, na hapo ndipo nilipoona ugumu wake. Sura ya Goku ni nyusi mbili, pua ya kistari kilichopinda, kivuli kidogo chini ya kidevu, basi. Ongeza mstari mmoja shavuni, anazeeka miaka kumi. Kila kilichobaki pale kina kazi yake.

Halafu tazama pikipiki zake. Boliti zinaonekana, mabomba yanapinda yanavyopaswa kupinda, tairi ina mikunjo, hata mtu hajaipanda unajua ina uzito. Alipenda mashine na modeli za kuunganisha tangu zamani, na kwenye mashine hakubania wino hata tone. Kwa hiyo nikisema mvivu, namaanisha mtu aliyejua jasho lake alimwage wapi. Wachoraji wengi wa sasa, kwa maoni yangu, wanajaza kila kona ya ukurasa kwa sababu kompyuta inawaruhusu, na msomaji hajui atazame wapi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hata hauko kwenye vibonzo. Mchezo wa video wa Dragon Quest ulipotengenezwa, ukatoka 1986, mbunifu wake Yuji Horii alimpa Toriyama mchoro wa zimwi la ute, rundo tu lisilo na umbo. Yeye akarudisha tone moja lenye macho mawili na tabasamu. Tone hilo limekuwa nembo ya mchezo mzima.

Mimi huchora vielelezo vya vitabu vya sayansi vya shule ya msingi. Nikichora moyo, napima: mtoto wa darasa la tano anatakiwa aone damu inaingia wapi na inatokea wapi. Vyumba vinne, vali, mishale. Vimishipa vidogo vya juu, ambavyo vingenipendezea mchoro, navifuta. Kuna wateja hulalamika kwamba ukurasa una nafasi nyingi nyeupe, wananiuliza kama nimemaliza kweli. Nawajibu kwamba nimemaliza, na kwamba ankara nimeshaituma.