Asilimia Ile Ile, Kodi Tofauti

Kila sheria ya kodi inapopita Bungeni, ofisi zinazounda programu za mishahara hapa Nairobi huanza ubishi ule ule: kanuni zinazobadilika ziwekwe wapi? Wengine husema kwenye jedwali, mhasibu abadilishe kiwango mwenyewe bila kumngoja mtu. Wengine husema kila kanuni iwe objekti yake, yaani kipande cha programu kinachojitegemea, yenye tarehe ya kuanza na ya kukoma, inayojua jinsi ya kukokotoa.

Jedwali lina hoja. Makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yalipopanda Februari 2024 na tena Februari 2025, zilizosogea ni namba tu: kikomo cha juu cha mshahara unaokatwa kilitoka shilingi 18,000 hadi 36,000, kisha 72,000. Kutoa toleo jipya la programu kwa sababu hiyo, mishahara ikilipwa kesho, ni usumbufu. Na kweli wapo wanaotunga klasi, yaani violezo vya objekti, chungu nzima pasipo haja.

Lakini wanaotetea objekti husingiziwa kupenda makuu. Tazama tozo ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara. Hadi Desemba 26, 2024 ilimpa mfanyakazi nafuu ya asilimia 15 ya alichotozwa, iliyotolewa kwenye kodi ikishakokotolewa. Kuanzia Desemba 27 nafuu hiyo ikafutwa. Badala yake tozo yenyewe huondolewa kwenye mshahara kabla kodi haijakokotolewa. Kwa mshahara wa 50,000, tozo ni 750, zamani na sasa. Zamani ilipunguza kodi kwa 112.50. Sasa, kwa kuwa shilingi hizo za mwisho hutozwa asilimia 30, inaipunguza kwa 225. Ile 1.5 haikuguswa! Mhasibu angefungua jedwali lake, asione cha kubadilisha, alifunge. Na mfanyakazi huyo angezidi kukatwa 112.50 isiyostahili, mwezi baada ya mwezi.

Kilichobadilika ni hatua ambayo tozo inaingia kwenye hesabu. Wenye jedwali hujibu kwa kuongeza safu: kabla ya kodi, ndiyo au hapana. Sheria ijayo italeta safu nyingine, na baada ya miaka michache jedwali limekuwa programu kamili ambayo hakuna aliyeikagua wala kuifanyia majaribio. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi, kwa sababu pesa ni za watu.

Ukiwa na objekti, ile ya zamani huifuti. Unaipa tarehe ya kukoma na kuandika mpya kando yake. Mwajiri akitaka kusahihisha mshahara wa Novemba 2024 leo, programu huiuliza kila kanuni kama ilitumika mwezi huo, na ya zamani hujitokeza na hesabu yake.

Asilimia na vikomo ningeviacha kwenye jedwali lenye tarehe, objekti zivisome humo. Mhasibu naye akae na mwandishi wa programu kabla msimbo haujaandikwa, aseme majibu anayoyatarajia: 112.50 kwa Novemba, 225 kwa Januari. Hayo yawe majaribio ya kwanza.