Waliojitolea hawakulegea

Eti chama kilianguka hapa Mombasa 2022 kwa vile vijana wa kujitolea walilegea dakika za mwisho, ndivyo anavyotuambia huyu kiongozi wa tawi akijipanga kwa 2027. Mimi nilikuwa wakala wa chama kituoni Kisauni na hayo siyakubali hata kidogo. Vituo vilifungwa saa kumi na moja jioni, ndipo kazi yenyewe ikaanza: masanduku matano, kila karatasi msimamizi anaifungua, anamtaja aliyepigiwa, anaigeuza mawakala tuione, haya nyingine. Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais kituoni, tuliitia sahihi usiku umekwenda sana, tumbo tupu, maana chakula tulichoahidiwa kiliishia kwenye gari la mtu. Na mbona hataji kwamba kura ya ugavana iliahirishwa kwa kosa la uchapishaji wa karatasi, tukarudi vituoni Agosti 29? Safari hiyo wapiga kura wenyewe walipungua, wengi walishachoka na siasa, na ofisi ya tawi ilikuwa na kufuli. Nauli kila mtu alijitafutia. Kama kweli wanataka tathmini, waanze na mchujo: tiketi ya udiwani alipewa mtu asiyejulikana mtaani, wanachama wakahamia kwa mgombea huru mchana kweupe, tena wengine wakiwa bado wamevaa fulana za chama. Hilo nalo ni kosa la wakala? Mliosimamia kura Likoni na Changamwe, nyinyi posho zenu mlizipata?