Kuzunguka Unguja kwa gari: je, siku moja inatosha?

Ukiitazama ramani, kuizunguka Unguja kwa siku moja kunaonekana jambo jepesi. Kutoka kusini hadi kaskazini ni kama kilomita 85, barabara kuu zina lami, na gari likiondoka Mjini Zanzibar alfajiri hufika Nungwi, ncha ya kaskazini, kabla jua halijachwa. Wanaotetea siku moja wana hoja nyingine nzito: gari la kukodi hulipiwa kwa siku, na aliyekwisha kulipia chumba Mjini haoni sababu ya kulipia kingine kaskazini. Hoja hizo ni za kweli. Kinachosahaulika ni kwamba kisiwa hiki hakina barabara moja inayokizunguka.

Barabara kubwa nyingi huanzia Mjini na kutawanyika. Lakini ile ya pwani ya kusini mashariki hutoka Makunduchi, ikapita Jambiani, Paje na Bwejuu, ikaishia Michamvi. Ukisimama Michamvi, Chwaka iko ng'ambo ya ghuba, lakini kwa gari huna njia ya kukatiza. Unarudi Paje, unapita msitu wa Jozani, unaingia katikati ya kisiwa, ndipo unashika barabara ya Dunga kwenda Chwaka. Baada ya hapo pwani inakuchukua vizuri kupitia Uroa, Pongwe na Kiwengwa hadi Matemwe, kisha unaingia tena ndani kuifuata barabara kuu ya Nungwi. Mwenye siku moja aiache Michamvi bila kusitasita. Kizimkazi Dimbani, penye msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107, ni mchepuko mwingine wa kuupima mapema. Na Jozani usijaribu kufidia muda uliopotea: matuta ya pale yaliwekwa kwa ajili ya kima punju, ambao hukatiza barabara kwa makundi.

Lakini kinachoamua ratiba kuliko kilomita zote hizo ni maji. Wakati wa bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya Unguja hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Asubuhi hiyo pwani ya Paje na Jambiani hubaki mchanga mtupu hadi karibu na mwamba. Huwezi kuogelea, lakini ndio wakati wa kuwaona wakulima wa mwani wakiwa kazini, maji yakiwafika magotini, wakifunga mbegu kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takribani dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja, kwenye maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na kupwa alasiri, tena kwa kiasi kidogo. Hapo kuogelea mashariki kunawezekana mapema, ila shughuli za mwani huwa chache. Nungwi na Kendwa hazina tabu hiyo, kwani maji ya kuogelea yapo karibu muda wote.

Kwa hiyo kwenye bamvua, kuanza kusini mashariki na kumalizia kaskazini ni mpango mzuri hata kwa siku moja. Ubaya uko kwenye kurudi. Jua huchwa mnamo saa kumi na mbili na nusu, na kutoka Nungwi hadi Mjini ni kama kilomita 60 za giza, baiskeli zisizo na taa, ng'ombe, waenda kwa miguu pembeni mwa lami, na matuta yasiyo na rangi. Dereva mwenyeji huyajua matuta hayo. Mgeni aliyeendesha tangu alfajiri hayajui. Kama kuna pesa moja ya kuongeza katika safari hii, iwe ya kulala Nungwi na kurudi asubuhi kupitia Mangapwani. Asiyeweza kulala huko akodi gari pamoja na dereva, au aiache Nungwi na kugeuzia Kiwengwa.

Jambo la mwisho ni matairi. Vijia vya kutoka lami kwenda ufukweni vingi ni vya jiwe la matumbawe, ambalo hukata tairi ubavuni, na ubavu hauzibiki. Kabla ya kupokea gari, fungua buti mwenyewe: tairi la akiba liwe na upepo, jeki ipande, spana iingie kwenye nati. Weka na kipande cha ubao, kwa sababu jeki juu ya mchanga huzama badala ya kuinua gari. Jaza mafuta ukiwa bado Mjini, maana mashariki vituo ni vichache. Leseni ya nje ya nchi huhitaji kibali, hivyo ulizia siku moja kabla. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, vijia hivyo hujaa maji na huoni jiwe liko wapi. Gari libaki kwenye lami, ufukweni uende kwa miguu.