Jumba la trekta la Rostov: lililofufuliwa ni lile lile?

Mjini Rostov-on-Don, kusini mwa Urusi, liko jumba la maigizo ambalo wenyeji hulifananisha na trekta, na ukilitazama huwezi kuwabishia. Mbele kuna ukuta mpana mweupe, karibu wote hauna madirisha. Kila ubavu una mnara wa vioo wenye ngazi ndani, na ujia wa vioo unaouunganisha na jengo kuu kama minyororo ambayo trekta za aina fulani hutembelea badala ya magurudumu. Wasanifu wake, Vladimir Shchuko na Vladimir Gelfreikh, walilijenga kati ya 1930 na 1935, enzi ambayo serikali ya Kisovieti iliona mashine za kilimo kuwa fahari ya taifa.

Hata kiwanja kilichaguliwa kwa makusudi. Hapo ndipo Rostov ilipokuwa ikipakana na Nakhichevan, mji ulioanzishwa mwaka 1779 na Waarmenia waliohamishwa kutoka Krimea. Miji hiyo ilikuwa imetoka tu kuunganishwa, na jumba likawekwa katikati ili liwe la wote.

Ukumbi ulichukua watu zaidi ya 2,000. Wanaolitetea jumba la awali husema ukubwa huo ndio uliokuwa roho yake: mfanyakazi wa kiwandani apate kiti katika mji wa mkoani, sanaa hiyo isiachiwe matajiri wa Moscow peke yao. Hoja hiyo ina uzito. Lakini muulize mwigizaji. Mwongozaji wa maigizo Yuri Zavadsky na kundi lake kutoka Moscow walifanya kazi humo kuanzia 1936 hadi 1940, na tatizo la sauti katika ukumbi ule linajulikana. Mnong'ono wa jukwaani haumfikii aliyeketi nyuma kabisa, na mchezo wa kuigiza usio na mnong'ono umepoteza nusu ya uhai wake.

Mwaka 1943 Wajerumani, wakirudi nyuma, walililipua. Lilifunguliwa tena mwaka 1963, sura ya nje ikiwa imerudishwa, ila ukumbi umepunguzwa hadi viti takriban 1,200. Wapo wanaoona kwamba hapo ndipo jumba lilipokufa mara ya pili, kwa kuwa umbo la nje lilibuniwa kubeba umati wa ndani, na umati huo ukikatwa ganda hubaki bila sababu.

Mimi siungi mkono kilio hicho. Waliojenga upya walikuwa na nafasi adimu ya kurekebisha kosa ambalo waigizaji walilibeba kooni, na waliitumia. Ninachowakubalia wapinzani ni kimoja: mgeni anayeonyeshwa jumba hili kuwa kazi ya 1935 anapewa nusu ya habari. Ukuta na minara ni wazo la Shchuko na Gelfreikh. Ukumbi anaoketi ni uamuzi wa kizazi kilichotoka vitani, nao unastahili kutajwa kwa tarehe yake.