Filamu Imetuhifadhia Nini Kuhusu Waigizaji wa Ufini Waliofariki?

Katika filamu "Kauas pilvet karkaavat" ya mwaka 1996, mwigizaji Kati Outinen anasimama akiitazama picha ya mtoto mdogo ambaye, ndani ya hadithi, amekwisha kufariki. Mtoto yule pichani ni Matti Pellonpää alipokuwa mdogo. Mwongozaji Aki Kaurismäki alikuwa amemkusudia Pellonpää kwa nafasi kuu, lakini mwigizaji huyo alifariki ghafla kwa maradhi ya moyo mjini Vaasa mwezi Julai 1995, akiwa na umri wa miaka 44, ikabidi hadithi iandikwe upya na nafasi hiyo apewe Outinen.

Picha ile ndiyo inayonifanya niulize kama filamu ni shahidi wa haki wa maisha ya waigizaji wa Ufini. Wanaoitetea wana hoja nzito. Ida Aalberg, aliyezaliwa mwaka 1857 na kufariki mwaka 1915, ndiye aliyekuwa nyota mkubwa kuliko wote wa jukwaa la Kifini katika zama zake, na mwaka 1880 aliigiza Nora, mhusika mkuu wa tamthilia ya Mnorwe Henrik Ibsen, mjini Helsinki. Lakini sifa zake zimetufikia kwa maandishi na picha mnato tu. Sauti iliyowaliza watu ukumbini haipo tena, nasi tunalazimika kuwaamini waliomsikia.

Upande wa pili, hata hivyo, haupuuziki. Tauno Palo, aliyefariki mwaka 1982, anakumbukwa na Wafini wengi kama yule kijana mtanashati anayecheza na Ansa Ikonen katika "Kulkurin valssi", filamu iliyotoka mwanzoni mwa mwaka 1941, katika kipindi kifupi cha amani kati ya vita viwili dhidi ya Umoja wa Kisovieti. Ni kumbukumbu tamu, na naelewa kwa nini taifa lililochoka liliishikilia. Lakini Palo alikuwa mwajiriwa wa Kansallisteatteri, ukumbi wa taifa wa maigizo, kwa zaidi ya miaka 30. Ikonen naye alikuwa wa ukumbi huohuo kwa miongo mingi, na mwaka 1944 aliongoza filamu yake mwenyewe, jambo ambalo wachache hulitaja. Katika miaka hiyo filamu nyingi zilipigwa wakati wa kiangazi, kumbi zilipofungwa na waigizaji wakiwa likizoni. Kwa hiyo tunachokitazama leo ni kazi zao za likizo, ilhali kazi ya majira ya baridi, usiku baada ya usiku, imepotea.

Wala suala hili halikuishia kwenye sifa. Televisheni ilipoanza kuonyesha filamu za zamani, waigizaji waliziona sura zao zikirushwa tena na tena bila wao kufaidika ipasavyo, na mwaka 1963 chama chao kiligoma kufanya kazi za filamu. Mgomo ulidumu hadi mwaka 1965, mwaka uleule ambao kampuni kubwa ya filamu ya Suomen Filmiteollisuus ilifilisika. Wapo wanaoulaumu mgomo kwa kuizika sinema ya zamani. Mimi naona lawama hiyo haina uzito, kwa sababu watazamaji walikuwa wamekwisha kuhamia sebuleni, na mtu anayedai ujira wa sura yake anadai haki yake.

Pamoja na hayo, Pellonpää ananizuia nisilipe jukwaa ushindi wote. Katika "Varjoja paratiisissa" ya mwaka 1986 anaigiza dereva wa gari la taka: masharubu yanayoning'inia, macho yenye uchovu, sigara mkononi, na kimya kirefu kabla ya neno moja. Aliyeketi mstari wa ishirini ukumbini asingeyaona hayo. Mwaka 1992 alipotunukiwa tuzo ya mwigizaji bora wa Ulaya kwa nafasi aliyoigiza kwa Kifaransa katika "La Vie de bohème", filamu haikuwa kazi yake ya likizo. Ilikuwa mahali pekee ambapo sanaa yake ingeweza kuonekana kikamilifu.

Ndiyo maana naona kosa ni kumpima Palo kwa mizani ya Pellonpää. Kwa Palo, filamu inapaswa kutazamwa sambamba na picha za jukwaani, orodha za nafasi alizoigiza na tahakiki za magazeti ya siku zile. Kwa Pellonpää, filamu zenyewe zinatosha, na ile picha ya utotoni.